Usikisie, Uliza: Mwongozo Kamili wa Kufundisha Huruma na Afya ya Hisia Shuleni

Mwanafunzi aliyelaza kichwa mezani saa mbili asubuhi huenda ni mgonjwa, huenda hakulala, huenda amefiwa, amegombana na rafiki, au amechoshwa tu na somo. Mwalimu hawezi kujua ni lipi kati ya hayo kwa kumtazama, lakini mara nyingi huamua papo hapo, na uamuzi huo husikika katika sauti yake anaposema, "Wewe, inuka!" Darasa zima linalotazama nalo hujifunza jambo: kwamba hali ya mtu husomwa usoni, hutolewa hukumu, na shauri likaisha.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu wa darasa, mwalimu wa ushauri nasaha na uongozi wa shule, na hoja yake ni moja. Huruma inayofaa kufundishwa shuleni ni mazoea ya kuuliza na kusikiliza kabla ya kuamua, na mazoea hayo hujengwa kwa mazoezi mafupi yanayorudiwa wiki baada ya wiki. Hotuba ya mgeni rasmi hata iwe nzuri namna gani haiwezi kuyajenga.

Neno lenyewe linahitaji kuwekwa sawa. Katika mazungumzo ya kawaida, huruma ina harufu ya juu na chini: mwenye nacho humhurumia asiye nacho. Hapa inatumika kwa maana ya mambo matatu yanayokwenda pamoja, yaani kutambua mwenzako anahisi nini, kuguswa na hisia hiyo bila kuzama ndani yake, na kutenda jambo linalomsaidia. Ni muhimu kuyatenganisha, kwa sababu mtu anaweza kuwa na moja akakosa mengine. Mchokozi hodari wa darasa hutambua haraka sana ni neno gani litamchoma nani. Kipaji cha kwanza anacho tele. Kwa upande mwingine, mtoto anayeguswa kupita kiasi hukimbia anapomwona mwenzake analia, kwa sababu uchungu ule unamlemea yeye mwenyewe. Kila mmoja wa hawa wawili anahitaji somo lake.

Afya ya hisia nayo haina maana ya kufurahi muda wote. Mwanafunzi mwenye afya ya hisia huhuzunika linapomfika la kuhuzunisha, hukasirika anapoonewa, kisha hurudi kwenye hali yake bila kujiumiza wala kuumiza wengine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili, kwa hiyo katika darasa la wanafunzi 42 ni busara kuandaa somo ukijua kwamba huenda sita kati yao wamebeba mzigo usioonekana.

Wapo walimu wanaohofia kwamba muda wa hisia ni muda ulioibwa kutoka kwenye hisabati. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011, uliokusanya matokeo ya programu 213 za aina hii zilizohusisha wanafunzi zaidi ya 270,000, unajibu hofu hiyo: waliofundishwa walipanda kitaaluma kwa kiasi kinacholingana na mwanafunzi wa 50 katika darasa la watu 100 kusogea hadi karibu nafasi ya 39. Uchambuzi huohuo ulionyesha kwamba programu zilizofanya vizuri zaidi zilikuwa na hatua zinazofuatana, mazoezi ya vitendo, muda uliotengwa na malengo yaliyotajwa waziwazi. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa kuzingatia hayo.

Hatua ya kwanza: anzeni na walimu

Wanafunzi husikia namna mwalimu anavyozungumza na mchelewaji kabla ya kusikia somo lolote kuhusu utu. Kwa hiyo kikao cha kwanza kiwe cha walimu peke yao, kichukue saa moja, na kila mmoja aandike sentensi mbili au tatu anazozitamka akiwa amekasirika. "Una matatizo gani wewe?" ni mojawapo, "Nilijua tu ni wewe" ni nyingine. Kisha, wawili wawili, waziandike upya zibebe ukweli uleule bila hukumu, kwa mfano: "Naona leo hujaandika chochote. Kuna jambo linalokuzuia?" Mwalimu azisome sentensi hizo mpya kwa sauti mara kadhaa, maana ulimi uliokasirika hurudi kwenye maneno uliyoyazoea.

Hili si pambo. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya jaribio katika shule tano za California, ambapo walimu 31 wa hisabati walipewa mazoezi mafupi kwa njia ya mtandao, kundi moja likihimizwa kuelewa mtazamo wa mwanafunzi kabla ya kuadhibu. Miongoni mwa wanafunzi wa walimu wa kundi hilo, waliosimamishwa masomo katika mwaka ule walikuwa asilimia 4.8, katika kundi la kulinganisha walikuwa asilimia 9.6. Mtaala haukubadilishwa.

Kanuni nyingine ya walimu ni ya kuomba radhi. Mwalimu aliyemkosea mwanafunzi mbele ya darasa amwombe radhi mbele ya darasa, kwa sentensi fupi isiyo na "lakini". Na niseme wazi kwa wakuu wa shule: ukiwataka walimu wawe wapole huku ukiwalundikia vipindi hadi hawapati muda wa kunywa maji, utakachovuna ni maigizo ya upole, na watoto huyatambua maigizo upesi.

Hatua ya pili: tengenezeni njia ya rufaa kabla ya kufungua mazungumzo

Ukiwaalika vijana waseme yaliyo moyoni, ipo siku mmoja atasema jambo zito, na siku hiyo si ya kuanza kuulizana nani wa kupigiwa simu. Kabla ya kuanza, shule iandike majina ya watu wazima wawili watakaopokea taarifa, wa kushika nafasi zao pale mmoja anapokuwa hayupo, na huduma ya nje ya shule watakayoielekea, iwe kituo cha afya, mwanasaikolojia au ofisi ya ustawi wa jamii. Mambo yasiyongoja hadi kesho ni matatu: mwanafunzi anayejidhuru au kuzungumzia kufa, mwanafunzi anayefanyiwa ukatili na mtu yeyote, na mwanafunzi anayetishia kumdhuru mwingine.

Mipaka ya siri itajwe siku ya kwanza, kwa maneno yanayoeleweka: "Utakachoniambia sitakitangaza. Lakini kama wewe au mtu mwingine yuko hatarini, nitamweleza mtu anayeweza kusaidia, na nitakwambia kwanza kabla ya kufanya hivyo." Mwalimu anayeahidi siri isiyo na mipaka hujiweka mahali ambapo lazima avunje ahadi au amwache mtoto hatarini.

Kuhusu kujiua, walimu wengi huogopa kutaja neno lenyewe wakidhani watampa mtoto wazo. Kuuliza moja kwa moja, kwa utulivu, hakumsukumi mtu kujiua. Mara nyingi humpa nafasi ya kusema. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake hata kwa dakika chache, na apokewe na mtaalamu siku hiyohiyo. Mwalimu si tabibu, na wala hatakiwi kuwa tabibu: kazi yake ni kuona, kuuliza, kusikiliza na kumfikisha mtoto kwa mwenye ujuzi.

Hatua ya tatu: mzunguko wa asubuhi

Tenga dakika nane hadi kumi mwanzoni mwa siku, angalau mara tatu kwa wiki, na usizile kwa matangazo. Kila mwanafunzi huonyesha hali yake kwa vidole, kimoja kikiwa hali ngumu na vitano hali njema, mkono ukiwa umebanwa kifuani ili mwalimu aliye mbele auone na majirani wasiuone kwa urahisi. Wanaotaka kusema sentensi moja huisema. Asiyetaka husema "Napita", na neno hilo halijadiliwi. Mwalimu huanza yeye, kwa ukweli wa kadiri: "Leo niko tatu, sikulala vizuri." Asiwatwishe watoto matatizo ya ndoa yake.

Kanuni iliyo ngumu kuishika ni kutotoa maoni juu ya majibu. Nilipoanza kuendesha mzunguko huu, nilimwuliza kijana aliyeonyesha kidole kimoja, mbele ya wenzake, nini kimemsibu. Alitabasamu, akasema alikuwa anatania, na kwa wiki tatu zilizofuata alionyesha vidole vitano kila asubuhi. Tangu hapo nimefuata utaratibu mwingine: ninaandika jina kwenye karatasi yangu, na wakati wa kazi za daftari ninapita karibu na kusema kwa sauti ndogo, "Nimeona kidole kimoja. Ungependa tuzungumze wakati wa mapumziko, au nikuache kwanza?" Wengi husema waachwe. Baadhi yao huja wenyewe siku mbili baadaye.

Kwa vijana wakubwa, ambao macho ya wenzao huwaumiza zaidi, vipande vya karatasi vinafaa kuliko vidole. Kila mmoja huandika namba, jina lake akipenda, na alama ya nyota kama anataka kuzungumza na mtu mzima. Karatasi zote zikunjwe kwa namna moja na zikusanywe kutoka kwa wote, hata wasioandika kitu, ili anayeomba msaada asijulikane.

Hatua ya nne: msamiati wa hisia

Hapa ndipo mahali pa kukaa muda mrefu, na ndipo lugha yetu inapotusaidia kuliko tunavyoitumia. Ukimwuliza kijana hali yake, atakwambia "poa", "kawaida" au "nimekasirika", na kila kinachomsumbua hutumbukizwa katika maneno hayo matatu. Lakini Kiswahili kina familia nzima za maneno ya moyoni, na kila neno lina dawa yake.

Chukua familia ya hasira. Kero ni ile inayokwisha kinachokera kikiondoka. Hamaki hulipuka ghafla na kupoa haraka, mara nyingi ikiacha majuto. Ghadhabu ni hasira kubwa inayomtawala mtu hadi asisikie anachoambiwa. Kinyongo hakina kelele: hukaa moyoni hata mwaka mzima, na mwenye kinyongo anaweza kukusalimu kila siku. Mwanafunzi mwenye hamaki anahitaji nafasi ya kupoa. Mwenye kinyongo akipewa nafasi ya kupoa hapoi, kwa kuwa anachohitaji ni mazungumzo ambayo hayajawahi kufanyika. Adhabu ileile kwa wote wawili haimgusi hata mmoja.

Vivyo hivyo kwa hofu, ambayo ina kitu kinachoonekana mbele yake, na wasiwasi, ambao hutafuna kwa ajili ya jambo ambalo halijatokea na pengine halitatokea. Majuto humfanya mtu aseme "nimefanya vibaya" na humsukuma kurekebisha. Fedheha humfanya ajione yeye mzima ni kitu kibaya, naye hujificha au hushambulia. Wivu hutamani nilicho nacho. Husuda hutamani nikipoteze. Huzuni, simanzi, majonzi, upweke, unyonge na kukata tamaa si kitu kimoja, na mtoto anayeweza kusema "si huzuni, ni upweke" ameshamwonyesha mwalimu pa kuanzia.

Zoezi lifanyike hivi. Andika maneno kumi ya familia moja au mbili kwenye kadi, ugawe darasa katika makundi ya watu watano, kisha kila kundi lipange kadi kutoka hisia nyepesi hadi nzito. Watabishana. Kundi moja litasema kinyongo ni kizito kuliko ghadhabu, jingine litakataa, na kila upande utalazimika kutoa mfano. Usiwape jibu sahihi. Ubishi huo ndio somo, kwa kuwa ndani yake mtoto hugundua kwamba neno analoliona jepesi ni zito kwa mwenzake. Maana za maneno haya pia hutofautiana kidogo kati ya wasemaji, na hilo nalo ni sababu njema ya kuulizana.

Kipindi kinachofuata, chora umbo la mtu ubaoni na uwaulize kila hisia hukaa wapi mwilini. Lugha imeshawatangulia: moyo mzito, kifua kubana, donge kooni, tumbo kuvurugika, roho juu juu, damu kuchemka. Mtoto anayejua kwamba ghadhabu yake huanzia kwenye taya zinazokaza ana sekunde kadhaa za kufanya jambo kabla ngumi haijanyanyuka. Hata kutaja jina la hisia kuna kazi yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles walionyesha mwaka 2007 kwamba watu walipotaja kwa neno hisia iliyo kwenye uso wanaoutazama, amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na kupokea vitisho, ilipunguza shughuli zake.

Malizia kwa kuwapa umbo la sentensi la kutumia: "Ninahisi … kwa sababu …, na ninachohitaji ni …" Kuna mtego hapa wa lugha yetu wenyewe. Kitenzi "kuhisi" kwa Kiswahili kina maana pia ya kushuku, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kusema "Ninahisi wewe ndiye uliyechukua kalamu yangu" na kudhani ametaja hisia, kumbe ametoa shutuma. Wafundishe kipimo rahisi: neno linalofuata "ninahisi" liwe jina la hisia, kama uchungu au aibu. Likiwa ni mtu, sentensi ianzwe upya.

Hatua ya tano: kutuliza mwili na kufikiri upya

Mbinu za kujituliza zifundishwe wakati darasa limetulia, kama vile mazoezi ya kuokoa watu na moto yanavyofanywa kabla ya moto. Pumzi ni rahisi kuliko zote: kuvuta kwa kuhesabu hadi nne na kuitoa taratibu kwa kuhesabu hadi sita, mara tano au sita, macho yakiwa wazi kwa asiyependa kuyafumba. Usimlazimishe mtu kufumba macho. Kwa aliyepatwa na ukatili, giza hilo linaweza kuwa la kutisha. Wengine hutulia zaidi kwa kutembea, kunawa uso, au kukaza ngumi na kuziachia. Kila mwanafunzi achague mbinu mbili na aziandike nyuma ya daftari.

Hata hivyo, usiiuze pumzi kama dawa ya kila kitu. Jaribio kubwa la mafunzo ya utulivu wa fikra katika shule za Uingereza, lililohusisha shule 85 na wanafunzi zaidi ya 8,000 wenye umri wa miaka 11 hadi 14, lilitoa matokeo mwaka 2022 kwamba mafunzo hayo hayakuwasaidia wanafunzi kuliko masomo ya kawaida ya stadi za hisia, na wengi hawakuyafanyia mazoezi nyumbani. Mtoto anayeonewa kila siku njiani hahitaji kupumua vizuri zaidi. Anahitaji uonevu ukome. Na anayepata usingizi wa saa tano tu kwa usiku, ilhali kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, atabaki na hamaki, upende usipende, mpaka suala la usingizi lishughulikiwe.

Mbinu inayokwenda mbali zaidi ya pumzi ni ile ninayoiita maelezo matatu. Mpe mwanafunzi tukio dogo: umemtumia rafiki ujumbe, ameusoma, hajajibu. Maelezo ya kwanza huja yenyewe, nayo kwa kawaida ni mabaya: amenidharau. Kabla hajafanya lolote, atafute maelezo mengine mawili yanayowezekana, kisha aeleze ni swali gani angemwuliza rafiki huyo ili ajue ukweli. Zoezi hilo la dakika tano, likirudiwa kila wiki kwa tukio jipya, humzoeza mtu kuona kwamba alichokuwa nacho ni kisio tu.

Hatua ya sita: kuuliza na kusikiliza

Tumezoea kuwaambia watoto, "Jiweke katika nafasi ya mwenzako." Ni ushauri mzuri wa kumfanya mtu asite kabla ya kuumiza, lakini kama njia ya kumjua mwenzako una kasoro kubwa, kwa sababu ukijiweka katika nafasi yake ni wewe uliyemo humo, pamoja na hofu zako na mapenzi yako. Watafiti walioendesha majaribio 25, yaliyochapishwa mwaka 2018, waliona kwamba kujaribu kuingia katika mtazamo wa mwingine hakukuwafanya watu wakisie vizuri zaidi anachofikiri au kuhisi. Kilichosaidia ni kuzungumza naye. Ndiyo maana hatua hii ndiyo kiini cha mwongozo wote.

Wanafunzi wakae wawili wawili, wakiwa ubavu kwa ubavu kama kutazamana kunawatia haya. Msemaji azungumze dakika mbili juu ya jambo dogo la kweli, kama vile kitu kilichomkera wiki hii. Mambo mazito yasiombwe hadharani kabisa. Msikilizaji anyamaze. Dakika mbili zikiisha, msikilizaji aseme, "Nimesikia kwamba… Ni hivyo?" na msemaji asahihishe. Usahihisho huo usirukwe, hata muda ukiwa mfinyu. Mazungumzo yanaweza kuwa hivi:

"Nimesikia kwamba umekasirika kwa sababu dada yako alivaa shati lako."

"Siyo kukasirika. Shati nilikuwa nampa hata mimi. Ila hakuniomba."

"Kwa hiyo umeumia kwa sababu ya kutoombwa."

"Eeh. Ni kama mimi sipo."

Tazama umbali uliopo kati ya shati na "mimi sipo". Msikilizaji asingeufikia kwa kukisia, na msemaji mwenyewe pengine hakuujua kabla hajaulizwa. Baada ya hapo msikilizaji aulize swali moja tu: "Ungependa nikusikilize tu, nikupe wazo, au tukae bila kusema?" Kisha wabadilishane.

Waonyeshe pia maneno yanayofunga mlango. "Jikaze", "Usilie" na "Afadhali wewe, mimi yalinikuta makubwa zaidi" yanafahamika. Lakini hata "pole", ambalo ni tunu ya lugha yetu, linaweza kufunga mlango likitamkwa mguu ukiwa umeshaanza kuondoka. Pole iliyo hai hufuatwa na kimya kidogo au na swali.

Kwa watoto wadogo kuna njia ya kupendeza iliyoanzishwa na Mary Gordon mjini Toronto mwaka 1996, ambapo mtoto mchanga na mzazi wake hulitembelea darasa mara kadhaa katika mwaka, na wanafunzi huketi kando ya blanketi wakimtazama. Mtoto mchanga hawezi kuulizwa kwa maneno, hivyo wanalazimika kutazama kwa makini: amegeuza uso, amekunja miguu, analia kwa sauti ipi. Wanapendekeza, mzazi anajaribu, na mtoto mwenyewe anathibitisha au kukataa.

Hatua ya saba: ingizeni somo ndani ya masomo

Katika fasihi, ongeza swali moja kwenye kila hadithi: mhusika huyu hajui nini kuhusu mwenzake, na angemwuliza swali gani ili mambo yasiharibike? Katika maigizo, usimpe mtoto nafasi ya kuigiza masaibu yanayofanana na yake, na katika historia usiwagawe wanafunzi kuwa wadhalimu na wadhulumiwa. Maumivu hayo hubaki baada ya kengele.

Kazi za vikundi zinaweza kupangwa kwa njia ambayo Elliot Aronson aliianzisha mjini Austin, Texas, mwaka 1971, wakati shule zilizokuwa zimechanganya watoto wa rangi tofauti zilipojaa uhasama. Mada hukatwa vipande vitano, kila mwanafunzi wa kikundi hupewa kipande chake, hukutana kwanza na wenye kipande kama chake kutoka vikundi vingine ili wakielewe, kisha hurudi kuwafundisha wenzake. Yule aliyekuwa akichekwa kwa kusitasita sasa ndiye pekee mwenye kipande ambacho wenzake wanakihitaji kwa mtihani, na wenzake hujifunza haraka kumwuliza vizuri.

Hatua ya nane: ugomvi na uonevu

Uonevu hutegemea watazamaji. Watafiti waliorekodi watoto kwenye viwanja vya shule nchini Kanada, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2001, waliona kwamba wenzao walikuwapo katika matukio mengi sana lakini waliingilia kati machache tu, na kwamba walipoingilia, zaidi ya nusu ya matukio yalikoma ndani ya sekunde 10. Programu ya kupambana na uonevu iitwayo KiVa, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Turku nchini Finland, imejengwa juu ya mantiki hiyohiyo ya kuwafundisha watazamaji.

Wafundishe basi mambo ya kufanya yasiyohitaji ushujaa: kutocheka, kumwita anayeonewa kwa kisingizio ("Twende, mwalimu anakuita"), kumfuata baadaye na kumwuliza kama yuko sawa, na kumwarifu mtu mzima. Waeleze tofauti kati ya kushtaki ili mtu aadhibiwe na kutoa taarifa ili mtu awe salama, kwa sababu hofu ya kuitwa mmbeya huwanyamazisha wengi.

Mwalimu anapolishughulikia tukio, azungumze na kila mmoja peke yake, akianza na aliyeumizwa. Maswali yawe haya: nini kilitokea, ulikuwa unafikiri nini wakati ule, nani ameguswa na jambo hili, na nini kifanyike ili mambo yakae sawa. Kuwakutanisha wawili hao kufanyike tu kama aliyeumizwa ametaka, na asilazimishwe kusamehe. Radhi ya kulazimishwa, wote wamesimama mbele ya meza ya mwalimu wa nidhamu, humfundisha mmoja kudanganya na mwingine kunyamaza. Huruma pia haifuti wajibu. Aliyeharibu atarekebisha, na hatua za kinidhamu zinaweza kuwapo.

Hatua ya tisa: wazazi

Waiteni mapema, kabla mtoto hajarudi nyumbani na kumwambia baba, "Ninahisi fedheha," akachekwa. Kikao cha nusu saa kinatosha: wafanye wao wenyewe lile zoezi la kusikiliza kwa dakika mbili, na waulizwe ni maneno gani ya hisia yanatumika nyumbani kwao. Waelezwe pia mipaka ya siri na njia ya rufaa.

Hatua ya kumi: kupima bila kutoa alama

Usimpe mwanafunzi alama za huruma. Ukifanya hivyo utawapata waigizaji wazuri, na mtoto mwenye haya ataonekana amefeli utu. Pima mazingira badala ya mtoto: idadi ya mapigano, idadi ya waliosimamishwa masomo, mahudhurio, na dodoso fupi lisilo na majina mwanzoni na mwishoni mwa muhula. Tarajia pia kwamba taarifa za uonevu zinaweza kuongezeka miezi ya mwanzo, kwa kuwa waliokuwa kimya wameanza kusema. Uongozi uelezwe hilo mapema usije ukadhani programu inaharibu shule.

Katika dodoso hilo, swali nililoliona kuwa na thamani kuliko yote ni hili: "Ukipatwa na shida kubwa, kuna mtu mzima hapa shuleni ambaye ungemwendea? Andika jina lake, au acha wazi." Kusanyeni majina hayo na kuyahesabu katika kikao cha walimu. Mara nyingi jina linalojirudia si la mshauri nasaha. Linaweza kuwa la mlinzi wa getini au mpishi, na mtu huyo aingizwe katika mafunzo ya rufaa wiki hiyohiyo. Kisha hesabuni karatasi zilizoachwa wazi. Kwa kuwa dodoso halina majina, chukueni orodha ya darasa, pitieni jina moja baada ya jingine, na kila mwalimu aweke alama kwa mwanafunzi ambaye amezungumza naye jambo lolote nje ya masomo mwezi huu. Majina yatakayobaki bila alama yagawanywe kwa walimu waliopo, mawili au matatu kwa kila mmoja, na kuanzia Jumatatu kila mwalimu awe na swali dogo la kumwuliza kila mmoja wao.